Vitabu Thelathini na Kimoja vya Mama Ketty

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimepata kazi. Naanza na hilo kwa sababu tangu Januari nilikuwa nangoja kuiandika sentensi hiyo.

Kazi iko Hai Jalaba, kwenye kliniki ndogo ya uzazi ya Mama Ketty, mkunga Mganda aliyefika Juba mwaka 2006 na begi moja. Kila mtoto aliyempokea kwa mikono yake amemwandika kitabuni kwa wino: namba, jina la mtoto, mama, baba, uzito, na mwisho wa mstari, pembeni kabisa, tarehe. Vitabu vimefika thelathini na kimoja. Kila wiki watu huja kuomba uthibitisho wa siku waliyozaliwa watoto wao, na Mama Ketty hupoteza asubuhi nzima akipekua. Kazi yangu ni kuviingiza vyote kwenye kompyuta kabla ya mvua kuisha.

"Wewe ulizaliwa lini, Lilly?" aliniuliza.

Nikamwambia kitambulisho changu kinasema tarehe mosi Januari, kama cha nusu ya watu wa mji huu. Mama yangu alikumbuka tu kwamba ilikuwa wakati wa kupalilia.

"Unaona?" akasema. "Ndiyo sababu nataka hii kazi. Mtoto yangu hakuna ataandikwa Januari moja kama hajazaliwa Januari moja."

Nimepita kanisani kushukuru. Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyosomea Kitale tulipokuwa wakimbizi. Nyumbani kwangu Nyakuron hakuna mwingine anayeisoma, kwa hiyo nitasema ukweli.

Jumanne, 6 Mei

Amekuja fundi wa kompyuta, Gaetano. Duka lake liko mlango wa tatu kutoka kliniki. Amebeba kompyuta ndogo kama kopo la biskuti.

"Tutaweka hifadhidata ndani ya kontena," alisema, "na ile ya kuiangalia ndani ya kontena ingine."

Mama Ketty akainuka kitini. Stoo yake ya dawa ni kontena la chuma lililoletwa na lori, na anakumbuka siku lilipoangusha ukuta wa jirani. "Kontena mbili? Zitapita wapi? Hapa hata ambulensi inageuka kwa shida!"

Sista Suzan, muuguzi, alicheka mpaka akashika mlango. Gaetano hakucheka. "Si ya chuma, Mama. Ni ndani ya kompyuta. Kila programu inakaa kwa chumba yake na vitu yake, haigombani na ingine. Chumba moja inaweka majina. Ingine ni kama dirisha tu. Lilly anafungua kwa kivinjari, anaona majina, anaandika."

"Na mvua haiingii?"

"Haiingii."

"Kalas, basi," akasema Mama Ketty. "Weka."

Ijumaa, 9 Mei

Dirisha linafanya kazi vizuri. Natumia kivinjari kilekile ninachosomea habari: upande wa kushoto naona jedwali, upande wa kulia mistari. Bonyeza, andika, hifadhi. Leo nimeingiza watoto mia moja na wanne wa mwaka 2006.

Gaetano amebandika karatasi ukutani juu ya kompyuta: USIGUSE. KAMA IMEKATAA, NGOJA MIMI. Hakuniambia hata "tafadhali". Nadhani ananiona mpishi aliyepotea njia.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua. Matope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nimefika kitabu cha sita.

Jumatatu, 2 Juni

Kuna furaha katika kazi hii ambayo sikuitarajia. Mwandiko wa Mama Ketty nimeuzoea. Najua alipochoka, najua alipokuwa na wasiwasi, kwa maana herufi zinaegemea. Mwaka 2009 kuna mtoto aliyeandikwa jina "Shukran" tu, na pembeni: *mama amelala, atabadilisha*. Hakubadilisha.

Ijumaa, 13 Juni

Sista Suzan ana tabia inayoniudhi. Kila Ijumaa jioni anaingia kwenye dirisha kwa simu yake na kupakua jedwali zima. Kompyuta inazubaa, na mimi nangoja katikati ya mstari.

"Sista, hiyo orodha unaitakia nini kila wiki?"

"Naangalia tu watoto wangu," anasema, anacheka, anaondoka.

Nadhani ni umbea. Nani alizaa na nani, mwaka gani.

Jumatano, 25 Juni

Hakuna jipya. Mvua, umeme wa sola hafifu, kitabu cha kumi na sita.

Ijumaa, 4 Julai

Watoto 3,140. Suzan kapakua tena.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemfungia Suzan. Asubuhi alikuwa akipekua kwa simu, kidole kikateleza, akafuta mstari wa mama mmoja wa 2011. Niliurudisha kutoka kitabuni, lakini nilimpigia kelele mbele ya wagonjwa. "Hii si simu ya kuchezea, sista! Ni kazi ya watu!" Nikaingia kwenye dirisha, nikaondoa ruhusa yake.

Alichukua beseni la vifaa akaenda kuchemsha.

Nimesema nitaandika ukweli hapa: nilijisikia mkubwa kwa muda wa saa moja hivi.

Jumatatu, 21 Julai

Msiba wa vitabu. Jumamosi ilinyesha mvua ya mawe, bati la chumba cha kumbukumbu likainuka, na boksi lililokuwa sakafuni likajaa maji mpaka leo tulipofungua. Kitabu cha 18 na cha 19 vimelowa chapachapa. Cha 20 kimelowa kingo tu. Vingine vilikuwa juu ya rafu, Mungu ashukuriwe.

Cha 18 nimeshakiingiza. Cha 19, mwaka 2014, nilikuwa bado. Tumetandaza kurasa juu ya vitanda vya wodi, na mama wawili waliojifungua jana wakatusaidia kupepea kwa vifuniko vya masufuria. Wino unasomeka bado ukiwa mbichi. Nitaanza nacho sasa hivi.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimemaliza kitabu cha 19. Jumla 3,552. Macho yanauma. Mama Ketty amevifunga vile viwili kwa kamba akaviweka kwenye kontena la dawa. "Sasa viko kwa kompyuta," akasema, na kunishika shavu kama mtoto wake.

Gaetano ameondoka jana kwenda Mityana, Uganda. Mke wake anakaribia kujifungua. Hata kuaga hakuaga. Aligonga tu ile karatasi ukutani kwa kidole.

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeona faida ya kazi yangu kwa macho.

Alikuja baba mmoja, Madut, mpakiaji wa mizigo bandarini. Amemleta binti yake Nyanut, wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, midomo yake ina rangi ya zambarau. Moyo wake una tundu. Madaktari Kampala wamempa nafasi ya kupasuliwa tarehe 15 Septemba. Ikipita, inayofuata ni mwakani, na daktari wa hapa amemwambia Madut asifikirie mwakani. Mama yake Nyanut alifariki miaka mingi iliyopita. Kadi ya kliniki iliungua na nyumba yao mwaka 2016. Ili mtoto apate pasi ya kusafiria lazima kliniki ithibitishe siku aliyozaliwa, na karatasi zote ziwe mezani mwa ofisi kufikia tarehe mosi Septemba.

"Mimi nataka karatasi ya mtoto tu," alisema Madut. "Kila mahali naenda, wanasema leta siku. Siku iko wapi? Siku iliungua."

Nikaandika "Nyanut" kwenye kisanduku cha kutafutia. Haikuchukua hata sekunde tatu. Namba 3,391. Nikamgeuzia kioo, akagusa jina la marehemu mkewe kwa ncha ya kidole, taratibu.

Mama Ketty alikuwa mtaa wa Gumbo kwa mgonjwa, na printa haikuwa na wino. Nikamwambia arudi Alhamisi.

Jumatano, 6 Agosti

Sijui nianze vipi. Nianze na umeme.

Ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi baada ya dakika chache. Kompyuta ikawaka, dirisha likagoma. Liliniambia haliifikii hifadhidata. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikampigia Gaetano mara saba, simu haipatikani. Karatasi ilikuwa mbele ya macho yangu: NGOJA MIMI. Lakini kesho ni Alhamisi, na nilimwahidi Madut.

Nikatafuta kwenye mtandao. Mtu mmoja, sijui wa nchi gani, alikuwa na tatizo kama langu, na mwingine akamjibu: zima kontena zote, ziondoe, ziwashe upya. Alitoa amri ya kuandika. Nikainakili neno kwa neno. Mwishoni kulikuwa na herufi moja ambayo sikujua kazi yake. Sikuiondoa, kwa sababu mwandishi alionekana anajua.

Nilibonyeza. Mistari ikapita. Nikawasha upya, na dirisha likafunguka upesi kuliko siku zote. Nikasema "Asante Yesu" kwa sauti. Nikaingiza paswedi.

Upande wa kushoto hakukuwa na kitu.

Nikafunga, nikafungua. Nikafikiri nimeingia mahali pengine. Nikatafuta "Nyanut". Nikatafuta "a". Hakuna hata mtoto mmoja. Ndipo nikaenda kusoma maana ya ile herufi, na maana yake ni: ondoa pia hifadhi yote iliyomo.

Miezi mitatu. Watoto elfu tatu mia tano hamsini na wawili. Na vitabu viwili kati ya vile vimeoza.

Nilikaa pale sijui muda gani. Nilifikiria kusema ni umeme. Kweli nilifikiria. Umeme ulikatika, kila mtu aliona, na Gaetano hayupo. Nilikuwa nimeshaitunga sentensi yenyewe. Kisha nikasikia sauti ya Mama Ketty wodini akimwambia mama mmoja, "Sukuma, mwanangu, usinidanganye, sukuma," na miguu yangu ikainuka yenyewe.

Nilingoja nje mpaka mtoto alipolia na yeye alipotoka akijifuta mikono. Nikamwambia. Sikumwambia vizuri, nilianza na umeme, nikarudi kwenye karatasi, nikaishia kulia.

"Kuna mtu amekufa?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Basi kaa. Kunywa maji. Halafu uniambie tena polepole."

Nikamwambia tena polepole. Aliposikia kitabu cha 18 na 19 alifumba macho. Nilimwona akizeeka pale kwenye benchi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Uliambiwa usiguse," akasema.

"Niliambiwa."

"Na umekuja kuniambia mwenyewe."

Kisha akaita, "Suzan! Kuja hapa."

Suzan alikuja na glavu mkononi. Mama Ketty akamweleza kwa maneno machache. Suzan akanitazama, na mimi nikajua kwamba sasa atasema anachostahili kusema. Badala yake akatoa simu mfukoni.

"Ile ya tarehe nne Julai iko," alisema. "Sijaifuta. Nilipakua kabla hujanifungia."

Nilimwuliza kwa nini aliihifadhi, orodha yote ile, kila wiki. Akaona aibu kidogo. Kila Jumamosi, baada ya kufua, hutafuta watoto waliozaliwa wiki kama ile, akawapigia mama zao kwa namba za simu anazozitunza mwenyewe. Anawapongeza, anauliza hali ya mtoto. "Wengine hawajui siku imefika," alisema. "Wanafurahi. Wengine wanalia. Nikifungua kitabu Mama anasema nachafua, kwa hivyo nikawa natumia simu."

Nikapiga magoti mbele yake, pale kwenye matope ya ua. Akaniinua kwa mkono usio na glavu. "Wewe nawe," akasema. "Simama, watu wanaona."

Alhamisi, 7 Agosti

Madut amekuja. Nimemwambia ukweli: jina la mtoto wake nililiona, na nimelipoteza. Alinitazama muda mrefu. "Lakini wewe uliona. Siku ilikuwa gani?"

"Machi. Nadhani tarehe tisa."

Nikamgeukia Mama Ketty. Nikamwomba asaini. Tarehe tisa Machi 2014, nani atajua?

"Unakumbuka," akaniuliza, "ama unataka kukumbuka?"

Inaweza kuwa sita. Inaweza kuwa saba.

"Mimi sisaini kitu sijaona," akamwambia Madut. "Miaka kumi na tisa, ofisi wakiona jina langu hawaulizi mara ya pili. Nikisaini ya kukisia leo, kesho watauliza kila mtoto. Nipe siku kadhaa. Tutaitafuta."

Madut akambeba binti yake akaondoka bila kuaga. Nilimchukia Mama Ketty mchana kutwa, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Gaetano amepatikana! Mke wake amejifungua mtoto wa kike. Nilimweleza yote, nikangoja matusi. Badala yake: "Kosa ni yangu pia. Nilitaka kuweka nakala ya kila siku, nikasema nitafanya nikirudi. Nikaandika karatasi badala ya kufanya kazi. Fungua dirisha. Uko na faili ya Suzan?"

Akaniongoza kwa simu, hatua kwa hatua, kutoka Mityana, kichanga kikilia nyuma yake. Tengeneza jedwali. Bonyeza palipoandikwa ingiza. Chagua faili. Ngoja. "Usibonyeze tena. Ngoja tu."

Mistari 3,140 ikarudi. Suzan alipiga vigelegele, mama wa wodini wakaitikia bila kujua sababu.

Nimemrudishia ruhusa yake. Bado watoto 412, kutoka namba 3,141 mpaka 3,552. Nyanut yumo humo.

Alhamisi, 14 Agosti

Kila mama aliyejifungulia hapa alipewa kadi ya manjano yenye namba na tarehe. Tukiweza kuziona kadi, tutaijaza mistari. Jumapili iliyopita Suzan alisimama kanisani kwake akatangaza. Mimi nilitangaza kwetu Nyakuron. Madereva wa boda wa kituo cha hapa wamebeba habari sokoni bila kuombwa mara mbili.

Leo mvua imenyesha tangu alfajiri na bado wamekuja kumi na tisa. Kadi zimefungwa kwenye plastiki, kwenye kanga, ndani ya Biblia, moja ndani ya kopo la maziwa. Watoto wamesimama kando, warefu sasa, wanaona haya Mama Ketty anapowapima kwa macho na kusema, "Wewe ulikataa kulia!"

Jumamosi, 16 Agosti

Mama Ketty amekifungua kitabu cha 19. Kurasa zilikuwa zimegandana kama mkate. Alikaa nazo siku mbili, birika la mvuke upande mmoja, koleo la kushonea upande mwingine, akizitenganisha moja baada ya nyingine. Nyingi zilikatika. Leo alinyoosha mkono bila kuinua kichwa: "Lilly. Kuja usome."

*3391. Nyanut. Baba Madut. Kilo 2.9.*

Mwisho wa mstari, pale penye tarehe, palikuwa na ukungu mweusi tu. Mstari wa juu na wa chini haikusomeka kabisa, hata majina.

Nilitaka kulia, lakini yeye alikuwa anatabasamu. "Namba ziko kwa mstari," akasema. "Mimi siruki namba. Nipate kadi ya 3,390, na nipate ya 3,392. Kama zina siku moja, huyu wa katikati hawezi kuwa na siku ingine."

Basi si ukaidi. Alikuwa anatafuta njia ambayo angeweza kuisimamia mbele ya yeyote. Nimemwomba msamaha kimoyomoyo. Kwa mdomo nilimletea chai.

Jumatatu, 18 Agosti

Gaetano amerudi. Kitu cha kwanza alibandua karatasi yake. Nakala sasa inajitengeneza kila siku, moja kwenye diski dukani kwake, moja kwenye simu ya Suzan. Amenifundisha amri zote, herufi kwa herufi, mpaka nikaweza kumweleza yeye. Ananionyesha picha za mtoto kila baada ya amri tatu.

Alhamisi, 21 Agosti

Kadi 3,390! Mwenyewe ni Pearl, Mganda anayeuza nguo za watoto soko la Konyo Konyo. Amefunga kibanda katikati ya siku ya soko akaja kwa miguu kwa sababu boda hazipiti kwenye maji. Tarehe 9 Machi 2014.

"Kulikuwa na mama mwingine kitanda cha pili," alisema. "Mrefu, mweusi, mpole. Alinipa nusu ya uji wake. Huyo ndiye marehemu?"

Madut alikuwepo. Akatikisa kichwa kukubali. Pearl akamshika Nyanut mkono, akakaa naye mpaka mvua ilipopungua.

Jumatatu, 25 Agosti

Hakuna 3,392. Zimebaki siku saba.

Jumanne, 26 Agosti

Hakuna. Suzan amepiga simu sitini na mbili. Madut anazunguka bandarini akimwuliza kila mtu mwenye mtoto wa mwaka ule.

Alhamisi, 28 Agosti

Niandike polepole.

Saa sita mchana aliingia Madut, na nyuma yake mwanamume mwenye matope mpaka magotini, Mathiang, baharia wa tishari la mizigo linalokwenda mji wa Bor. Wamefanya kazi gati moja miaka minane. Mto umejaa, tishari lilichelewa siku nne. Madut alikuwa anamngoja kila asubuhi tangu aliposikia kwamba Mathiang ana mwana wa umri huo. Leo tishari lilipofunga kamba, alimwuliza kabla hajakanyaga nchi kavu.

Mathiang alimpigia mkewe, mkewe akapekua sanduku. Wakaenda wote wawili nyumbani kuichukua.

Akaiweka kadi mezani. Namba 3,392. Tarehe 9 Machi 2014.

Mama Ketty akaiweka ya Pearl kushoto, ya Mathiang kulia, na katikati ule ukurasa wa ukungu. Akavaa miwani. Akasoma zote tatu kwa sauti, kama anasoma somo kanisani. Kisha akaniambia, "Andika."

Nikafungua dirisha, nikaandika mstari wa 3,391 herufi kwa herufi, nikamwonyesha, nikahifadhi. Nikachapisha. Akasaini, akapiga muhuri, akaupuliza wino ukauke.

"Siku hiyo sikuketi," alisema. "Watatu! Sasa nakumbuka miguu ilivyouma."

Madut na Mathiang walishikana mikono na hawakuachiana mpaka getini. Miaka minane wamebeba magunia pamoja, na watoto wao walilia chumba kimoja siku moja.

Jumatatu, 1 Septemba

Karatasi zimepokelewa ofisini. Karani alitazama saini, akasema, "Ah, ya Mama Ketty," akapiga muhuri wake juu.

Jumatano, 10 Septemba

Nyanut na baba yake wamepanda basi la Kampala. Pearl alimletea sweta.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo ndiyo siku. Tumeomba wote wodini saa tatu. Nimeingiza kadi kumi na nne na sikumbuki hata moja.

Jumanne, 16 Septemba

Madut amepiga. "Moyo imefungwa. Mtoto amelala. Anapumua." Akarudia mara tatu, "Anapumua." Mama Ketty alienda kwenye kontena la dawa, akajifungia dakika kumi, akatoka macho yamevimba, akauliza kwa nini hakuna mtu anayefanya kazi.

Jumamosi, 27 Septemba

Kati ya 412 tumepata 331. Wengine watakuja, au hawatakuja. Nitaacha mistari yao wazi na namba zao, kama Mama Ketty alivyotaka. Kitabu cha 24. Amenipa kazi ya kudumu. Suzan amenifundisha kuwapigia mama zao, na Jumamosi ya leo nimepiga simu tano mwenyewe. Mama wa mwisho aliniuliza, "Nani amekuambia ni leo?" Nikamwambia mkunga wako aliandika.

Nina mengi ya kushukuru mwaka huu kuliko ninavyoweza kuyapanga. Namshukuru Mungu kwa kazi. Namshukuru Suzan, ambaye nilimfungia mlango naye akanifungulia. Gaetano, ambaye nilidhani ana kiburi kumbe ana haya. Na Mama Ketty, kwa kukataa kusaini.

Ijumaa, 3 Oktoba

Simu kutoka Kampala asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji. Madut. Nikaogopa.

"Hakuna shida, sister. Mtoto anasumbua tu, anataka kukushtakia mimi na manesi. Ongea naye."

Sauti ilikuja nyembamba, yenye hasira halisi.

"Anti Lilly, hapa wananikataza kukimbia."

"Kwani ulikimbia?"

"Ndiyo," akasema. "Mpaka mwisho wa ukumbi."